Jumatano: Una Nini Nyumbani?

Soma 2 Wafalme 4:1-7. Mjane huyu alikuwa katika shida gani, na Elisha alianzia wapi kumsaidia?

Mume amekufa, deni limebaki, na mdai amekuja kuwachukua wana wawili wawe watumwa. Elisha anamwuliza mama huyo kilichomo nyumbani mwake. Jibu la kwanza ni kwamba hana kitu. Kisha anakumbuka chupa ya mafuta. Watu wengi huishia kwenye jibu la kwanza.

Wengine hudhani kubuni ni kipawa cha wachache. Soma Kutoka 35:30-35. Mungu alimjaza Bezaleli ustadi wa kubuni kazi, lakini fungu la 34 hupitwa haraka: yeye na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha. Kama ustadi huo ulifundishika jangwani, mkulima wa mahindi naye anaweza kujifunza.

Korogwe ni nchi ya mkonge. Jani likipita kwenye korona, singa inayopatikana ni kama sehemu 4 tu kati ya 100. Makapi na maji yaliyosalia yalimwagwa kwa miongo mingi, yakaoza na kunuka. Ndipo pale Hale, ambako maji ya Mto Pangani yamezalisha umeme tangu miaka ya 1960, swali likabadilika. Badala ya kuuliza makapi yatupwe wapi, watu waliuliza yanapooza yanatoa nini. Yanatoa gesi. Kufikia mwaka 2008 palikuwa na mtambo wa kuyaozesha ndani ya matangi yasiyoingiza hewa, gesi ikatumika kuzalisha umeme, na masalia yakafaa kuwa mbolea. Mkonge ulikuwa uleule. (Linganisha na Yohana 6:12.)

Zoezi la darasa: Mwalimu aweke dumu kuukuu mbele ya washiriki. Watajwe matumizi 20, bila mtu kucheka wala kukosoa kabla ya kumaliza. Ya mwanzo yatakuwa ya kawaida, kama kupandia mchicha. Yaandikwe tu, mawazo mazuri mara nyingi huja baada ya yale mepesi kwisha. Mjane naye aliambiwa aazime vyombo vingi kabla hajaona tone moja likiongezeka. Handeni, ambako wakati wa kiangazi maji huwa shida, kibuyu chirizi humwezesha mtoto kunawa kwa maji kidogo sana, nacho ni dumu, kamba na vijiti.

Swali la Elisha, hata hivyo, likiulizwa na mtu asiyekusudia kusaidia huwa dhihaka tu. Elisha aliuliza, kisha akamwelekeza mama hatua kwa hatua mpaka deni likalipika.

Jadilini: Ni familia gani kanisani kwenu inayodaiwa, au imeshindwa kumpeleka mtoto shule? Pamoja na mchango, ni nini kilichomo nyumbani mwao ambacho hakuna aliyewahi kuwauliza? Ni majirani gani wana vyombo vitupu vya kuwaazima?