Kumtegemea Usiyemtii

Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilitoa tamko la Fiducia Supplicans, lililowaruhusu mapadre kuwabariki wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja, nje ya ibada na bila kugusa mafundisho ya ndoa. Ufafanuzi uliofuata ulitaja baraka ya sekunde 10 au 15. Kwa Waprotestanti wengi wa Afrika Mashariki sekunde hizo zilikuwa nzito: walijiona wameachwa peke yao.

Mimi ni Mlutheri, na mshtuko huo naujua. Ila unadai maelezo. Tangu kipaimara tunafundishwa kwamba askofu wa Roma hana mamlaka juu ya dhamiri zetu. Basi alituvunja moyo kwa lipi, ikiwa hatukuwahi kumpa utii?

Nadhani mamlaka ni kitu kimoja na ushahidi ni kingine. Mwenye mamlaka hutiiwa, shahidi huaminiwa. Anayemkana Papa kama mtawala bado anaweza kumhitaji kama shahidi, mtu anayesema jambo lile lile Manila, Paris na Kinshasa hata likimponza. Dunia inapobadili mawazo yake juu ya ndoa na uzazi, tunaegemea ukuta wa jirani ambao hatukuchangia hata tofali.

Lakini siku ya kumtaka shahidi huyo tunaichagua wenyewe. Mwaka 1930 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth walikubali, kwa masharti, njia za kuzuia mimba. Kabla mwaka haujaisha Papa Pius XI akazikataa. Paulo VI alipozikataa tena mwaka 1968, katika Humanae Vitae, Waprotestanti wengi walimwona amepitwa na wakati, na leo wake wa wachungaji wetu huenda kliniki kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango bila mtu kunung'unika. Roma imelaumiwa kwa kukataa kubadilika, kisha kwa kubadilika, na mara zote mbili kipimo kilikuwa sisi. Shahidi anayeaminiwa pale tu anapokubaliana nasi hajaaminiwa bado.

Tena hatukuwa na sababu ya kumngoja. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilitoa Tamko la Dodoma mwaka 2010 kupinga ndoa za jinsia moja, ingawa Kanisa la Sweden, mshirika wake wa miaka mingi, lilikuwa limezikubali mwaka uliotangulia.

Kuna waliomsifu Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa kama mwasi. Tarehe 11 Januari 2024, kwa niaba ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika, alitangaza kwamba baraka za Fiducia Supplicans hazitatolewa kwa wawili wa jinsia moja. Wanaomsifu hivyo wanaruka sehemu kubwa ya habari. Alikwenda Roma kwanza, akaketi na Kardinali Fernández aliyelitia sahihi tamko la Vatikani, na tangazo lake lenyewe lilieleza kwamba Papa Fransisko ameridhia. Miezi tisa kabla, Kigali, juu ya suala hilo hilo la baraka, Waanglikana wengi wa kusini mwa dunia walitangaza kwamba hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiungo cha umoja wao. Sisemi walikosea. Ila Ambongo alikataa bila kuondoka, na aliyekataliwa akamsikiliza. Hilo ndilo ninalowaonea wivu Wakatoliki, kuliko msimamo wao wowote juu ya ndoa.