Maneno Makubwa na Ukweli

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hudhani ya kuwa maneno marefu ndiyo alama ya elimu. Nasi twauliza: je, kuchagua neno ni jambo la urembo tu, au ni jambo la haki pia?

Kiingereza kina ghala mbili za maneno, na zaidi. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na lugha yao ikawa lugha ya wakubwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana ng'ombe akiwa malishoni huitwa "cow", jina la kale la wenyeji, lakini nyama yake ikiwa mezani huitwa "beef", jina lililotoka katika Kifaransa. Kilatini nacho kiliongeza maneno ya wataalamu. Basi mwandishi wa Kiingereza mara nyingi ana maneno mawili au matatu kwa jambo moja, naye hana budi kuchagua.

Katika kuchagua huko ndimo hatari ilimo. Mwaka 1946 George Orwell, Mwingereza aliyepata kuwa afisa wa polisi huko Burma, aliandika insha juu ya siasa na lugha yake. Alionyesha kwamba vijiji vyaweza kupigwa mabomu na wenyeji kufukuzwa, kisha kitendo hicho kikaitwa "pacification", yaani kutuliza nchi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Labda mtu atasema, "Tabibu na mwanasheria hawawezi kazi yao pasipo maneno marefu." Ni kweli. Tena neno fupi nalo laweza kudanganya. Kwa hiyo kipimo si urefu wa neno, wala si asili yake. Kipimo ni hiki: mtu aliyetendewa jambo akilisikia neno, je, atalitambua lililompata? Aliyechomewa nyumba hataiona nyumba yake katika neno la kutuliza.

Basi sisi waalimu tusahihishapo insha, ya Kiingereza au ya Kiswahili, tusimsifu mtoto kwa ukubwa wa neno. Tumwulize, "Ulitaka kusema nini?" Akitujibu kwa maneno mepesi yaliyo wazi, hayo ndiyo ayaandike. Mtoto azoeaye kuliita jambo kwa jina lake, hata akiwa mkubwa mwenye amri, itamwia vigumu kuuficha uovu nyuma ya neno.