Mitungi Minne

Watu wengi hudhani boti ya matanga ikimaliza msimu hufungwa kamba tu, mwenyewe akabeba begi lake akaenda zake. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipoanza kumsaidia mjomba wangu Kilifi. Yeye hutunza boti za wageni zinazotia nanga ndani ya hori, juu kidogo ya daraja, pale maji yanapotulia hata bahari ya nje ikichafuka. Hakuna hata moja iliyo yake. Kaskazi ikilegea mwezi Machi, kabla masika hayajamwaga mvua na kusi haijashika, baadhi ya wenyewe hupanda ndege wakarudi kwao, boti zikabaki kwenye maboya. Hapo ndipo kazi yake inapoanza. Yeye huiita "kuilaza" boti.

Kuilaza ni kazi ya siku kadhaa. Matanga yanashushwa, yanasuuzwa kwa maji baridi, yanaanikwa mpaka yakauke kabisa ndipo yakunjwe, maana chumvi huvuta unyevu na unyevu huleta kuvu. Oili ya injini inabadilishwa kabla ya mapumziko, wala si baada yake. Hili lilinishangaza. Nilisema si bora tungoje boti iamke ndipo tuitie oili mpya? Mjomba akasema oili iliyotumika ina asidi na maji ndani yake, ukiiacha inaila injini polepole huku imelala. Tangi la dizeli linajazwa hadi juu ili pasibaki hewa ya kutoa jasho. Betri zinachajiwa na kukatwa nyaya. Vali zote za chini ya maji zinafungwa. Kamba za mlingoti zinafungwa mbali na mlingoti, zisije zikaupiga usiku kucha na kusumbua hori nzima. Kamba za boya zinafungwa mbili mbili, na pale zinaposuguana zinavishwa vipande vya mpira. Makabati, droo, friji, vyote vinaachwa wazi. Ukiingia ndani siku ya mwisho utadhani mwizi amepita.

Halafu kuna kusuuza njia ya maji ya injini. Injini ya boti hujipoza kwa maji ya bahari. Ukiizima na kuiacha miezi sita, chumvi ile inabaki kwenye mabomba ikifanya kazi yake kimyakimya. Kwa hiyo unafunga vali, unachomoa mpira wa kuvutia maji, unautumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, unawasha injini na kuendelea kujaza ndoo mpaka uridhike. Kwa boti ninayoizungumzia hesabu ilikuwa mitungi minne ya lita ishirini. Maji yalikuwa bombani, juu ya ufuo. Unabeba mtungi bega kwa bega hadi kwenye kidau, unapiga makasia hadi kwenye boti, unaupandisha. Mara nne.

Boti hiyo ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa akisafiri peke yake. Mikono yake ilianza kutetemeka. Kufunga fundo alilokuwa akilifunga bila kutazama kulimchukua dakika nzima, na sisi tulijifanya tunatazama pembeni. Aliondoka mapema Machi 2020. Aliacha daftari lenye orodha ya kazi zote, mstari kwa mstari, na mbele ya kila mstari kijisanduku cha kutia tiki. Mjomba hapendi kuandika, basi daftari nikapewa mimi.

Unakumbuka mwaka ule. Machi 25 safari za ndege za kimataifa zikasimamishwa, siku mbili baadaye kafyu ikaanza. Nilikuwa kwenye injini siku zile zile. Ningeweza kusingizia kafyu, lakini ilikuwa saa nane mchana. Nilipeleka mtungi mmoja, nikaumimina, ukaisha hata sijatulia. Nikatoka nje nikautazama ufuo na jua lile. Nikajiambia: huyu mzee harudi. Umri ule, mikono ile, na sasa dunia imefungwa. Hii boti itauzwa au itaozea hapa hapa. Nikazima injini. Kwenye sanduku la "suuza kwa maji baridi, mitungi 4" nikatia tiki.

Wanaopenda falsafa wakisikia habari ya chombo na matengenezo hukimbilia jahazi la Theseus: mbao zikibadilishwa zote, je, ni jahazi lile lile? Swali tamu, sikatai. Ila katika masimulizi hayo sijaona anayemuuliza fundi aliyezibadilisha. Kama ubao mmoja alipaka rangi tu akasema ameubadilisha, Athens nzima ingejuaje?

Linalonihusu zaidi ni lile la Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, ambako Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete ya kumfanya asionekane, akaitumia kumuua mfalme na kutwaa ufalme. Glaucon anauliza ni nani angebaki mwadilifu akiwa na pete kama hiyo. Mimi sikuua mfalme. Nilichoruka ni mitungi mitatu tu, na labda ndiyo maana kisa kile hakikunisaidia nilipokisoma mara ya kwanza: kinakupa vishawishi vikubwa mno, unajiona salama. Isitoshe mimi sikuhitaji pete. Boti iliyolazwa ni pete tosha. Kazi yote iko chini ya sakafu, kwenye ngama, ndani ya mabomba, na mtu wa kuikagua hayupo, na akija atakuja baada ya miezi, wakati sababu za kila ubovu zimeshachanganyika.

Majahazi ya mbao hayakumpa mtu nafasi hiyo. Wazee wetu walipokipweleza chombo, wakakichoma tumbo kwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, wakakipiga kalafati, wakakipaka deheni, hukumu ilikuwa karibu. Kikishushwa majini, pale ulipozembea panavuja, na nahodha anakutazama. Faiba ni mpole zaidi. Chuma kilichofichwa ndani ya faiba ni msiri kabisa. (Sisemi wazee walikuwa wema kuliko sisi. Nasema mbao zilikuwa na mdomo.)

Nimelifikiria sana lile neno "harudi". Ushahidi nilikuwa nao, haikuwa ndoto. Ukiniuliza leo kama ilikuwa busara kuamini kwamba mzee yule hatarudi, nitasema ndiyo. Lakini natazama mpangilio wa mambo yalivyokuja: kwanza nilichoka, kisha nikaamini. Kama bomba lingekuwa kando ya boti nisingemfikiria mzee hata kidogo. Imani yangu kuhusu maisha yake ilizaliwa begani mwangu, pale mtungi ulipokuwa umekaa. Na nadhani tunafanya hivi kwa watu wengi wasiokuwepo. Mgonjwa aliyezidiwa, ndugu aliyehamia Ulaya akaacha kiwanja, mtoto ambaye hajazaliwa na msitu tunaomkatia. Tunaamua kwamba hatakuja, au hatajua, au hatajali, na uamuzi huo huwa unatupunguzia kazi. Sijawahi kuona ukiongeza.

Alirudi. Januari 2021, na barakoa yake, amekonda. Alikaa kwenye ngazi ya kuingilia chumbani akavaa miwani, akafungua daftari, akaanza kusoma tiki zangu moja moja kwa sauti. Kila akifika kwenye iliyotiwa, anaipita. Alifungua vali nilizosema nimefunga, akaziba nilichosema nimefungua. Boti nzima aliiamsha kwa kufuata mkono wangu. Akawasha injini. Ikakohoa, ikashika, ikatema maji nyuma kama inavyotakiwa. Akanishika bega, akanipa pesa juu ya zile tulizopatana, nami nikazipokea.

Injini haikuharibika, hilo niliseme wazi. Alisafiri nayo msimu mzima, akashuka hadi Shimoni na kurudi, na haikumsumbua. Rafiki yangu mmoja niliyemhadithia akacheka: sasa kosa liko wapi? Mzee kapata boti yake, injini nzima, we umepumzisha mgongo. Nikashindwa kumjibu pale pale. Baadaye niliona kwamba kosa kubwa halikuwa maji. Ningeandika "mtungi 1" ningekuwa mvivu tu, na mzee angeamua mwenyewe: angeifungua injini aitazame kabla ya kutoka nje ya miamba, au angeona potelea mbali. Ile tiki ilimnyima nafasi hiyo. Alitoka baharini peke yake, na mikono ile, akiegemea kitu ambacho hakikuwepo, na kwamba hakikumwangusha ni bahati yake, si wema wangu.

Mjomba hajawahi kuniuliza. Ila ana tabia ya kuhesabu mitungi kila inaporudishwa ufuoni, ikiwa mikavu na ikiwa imelowa, na siku ile alikuwa palepale ufuoni. Sijui.

Mwisho wa Machi mwaka ule tuliilaza tena, safari hii mzee akiwa amekaa nyuma kwenye usukani, daftari magotini, mimi nikileta maji. Nilipeleka mitungi minne. Wa tatu ulipokuwa unamiminwa alichovya kidole kwenye ndoo, akaonja.

"Yana chumvi kidogo," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Ya mwaka jana ulitoa wapi?"

"Palepale, Mzee. Bombani."

"Basi ya mwaka jana yalikuwa mazuri sana," akasema, akatia tiki mwenyewe, mkono ukimtetemeka, nami nikashuka kwenye kidau kufuata mtungi wa nne.