Dole Gumba na Ridhaa

Mtu akiweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, je, ameridhia? Sheria inaweza kusema ndiyo, madhali alisomewa na kuelezwa. Mimi nasita. Alichokiridhia ni kauli ya aliyemsomea, na baina ya kauli hiyo na karatasi yenyewe shamba zima linaweza kupotea.

Swali hili ni zito katika kata ya Ulaya, kati ya Kilosa na Mikumi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliupa mkutano mkuu wa kijiji nguvu ya kuamua juu ya ardhi ya wote. Lakini mpango wa matumizi ya ardhi, muhtasari wa kikao, hati ya hakimiliki ya kimila, mapato ya mkaa wa msitu wa kijiji, vyote ni maandishi na tarakimu. Asiyesoma ana kura kamili, ila macho ni ya kuazima. Asiyejua hesabu husomewa mapato na matumizi, akanyoosha mkono pamoja na wenzake.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo mapema, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 takriban theluthi moja tu ya watu wazima wa Tanzania Bara walijua kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilipita asilimia 90. Naiheshimu sana kazi ile, na walimu wa kujitolea walioifanya. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kisomo ni chanjo: ukishachanjwa, basi. Magazeti ya vijijini na maktaba zilipodorora, wapo waliofuzu mtihani wakarudia dole gumba, kwa kuwa hawakuwa na cha kusoma.

Ndiyo maana naona sera inayohesabu waliohitimu haijagusa kiini. Kujua kusoma na kuhesabu ni uwezo wa kuhakiki mwenyewe unachoambiwa: mizani ya mnunuzi wa ufuta, lumbesa ya mahindi, riba ya mkopo wa kikundi. Uwezo huo huishi kwa kutumika.

Basi nawaomba wizara ya elimu na Halmashauri ya Kilosa: taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji ibandikwe wiki moja kabla ya mkutano, na darasa la watu wazima liisome mstari kwa mstari, lijumlishe upya kila safu, ndipo wananchi waulizwe kama wanaipitisha.