Thamani ya Mtu Yatoka Wapi?

Katika bonde letu la Kilombero tumezoea kumpima mtu kwa magunia yake. Aliyevuna mpunga mwingi huamkiwa na wote. Aliyevuna kidogo hupitwa njiani. Walakini mto wetu twaujua. Masika yakizidi, maji hupanda mbugani, na shamba la mtu aliyekaa dunguni siku nyingi akifukuza ndege laweza kuzama kwa usiku mmoja. Basi nauliza: kunapokucha, mtu huyo ni nani? Kama thamani yake ilikuwa katika magunia, imekwenda na maji.

Wengine watajibu kwamba thamani ya mtu ni ukoo wake na jina lake. Jibu hili ni bora kuliko la kwanza, maana ni vema mtu kuwajua babu zake. Lakini hata jina laweza kunyang'anywa. Katika nchi ya Darfur, huko Sudani, alizaliwa mtoto mmoja yapata mwaka 1869. Wakamata watumwa walimwiba angali mdogo, na kwa hofu akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Wezi wakamwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Aliuzwa mara nyingi, akachanjwa mwilini kwa amri ya waliomnunua. Hatimaye alifikishwa Italia. Mwaka 1889 baraza la hukumu mjini Venice liliamua kwamba yu huru, na tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Akawa mtawa, akafa mwaka 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza kuwa mtakatifu.

Jina la wazazi wake hakulipata tena. Lakini alitambua kwamba yuko Bwana aliyemjua kabla hajanunuliwa na mtu, naye Bwana huyo mwenyewe alipigwa mijeledi. Hilo hakuna mwizi awezaye kuliiba.

Labda mtu atasema: Kama thamani yetu ni zawadi ya Mungu, kwa nini basi tulime, na kwa nini watoto wasome? Tumkumbuke mwana mpotevu katika Injili ya Luka. Aliporudi alikusudia kuomba kazi ya kibarua. Baba hakumwajiri, alimvika vazi. Kibarua hulima apate ujira, na siku asipoweza kulima hana kitu. Mwana hulima kwa kuwa shamba ni la baba yake, na akiugua yu mwana vilevile. Imani haituondolei jembe mkononi. Yatuondolea hofu ya kwamba bila jembe sisi si watu.

Hayo nayasema, lakini sina budi kukiri kosa langu. Hapa Ifakara twapajua Nazareti, mahali ambapo misioni iliwatunza wenye ukoma. Siku moja, baada ya Misa, mzee aliyeugua ukoma zamani alininyoshea mkono wenye vidole vilivyopungua. Nilivikumbatia vitabu vyangu kwa mikono miwili, nikamwamkia kwa kinywa tu. Wala sikuwa mjinga wa jambo hilo. Nawafundisha watoto kwamba tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa za kuchanganywa, kwamba mgonjwa hutibiwa kwa miezi 6 au 12, na kwamba akisha kuzianza dawa haambukizi tena. Mzee hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, mimi nilipona zamani."

Niliona haya, maana muda mfupi kabla tulikuwa tumepiga magoti pamoja mbele ya altare moja. Nikajiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa hajijui. Mzee alijua yu mwana wa nani. Mimi nilidhani kwamba mimi ni vitabu vyangu, na vitabu huliwa na mchwa.

Basi, ndugu zangu, anayeamini kwamba thamani yake ni zawadi hawezi kumnyima mwenziwe zawadi ileile. Akimdharau, ameonyesha kwamba hata yake mwenyewe bado hajaiamini. Jumapili ijayo, mlangoni pa kanisa, tusitazame viatu wala vidole. Tunyoshe mkono. Nami nitamtafuta yule mzee.