Mwenye Mizani Peke Yake

Iko mali moja ambayo mfanyabiashara hawezi kuifungia sandukuni wala kuipima kwa kilo, nayo ni moyo mwema wa watu wanaonunua kwake. Mwenye duka akiwa nayo, hata akikosa bidhaa leo, watu watarudi kesho. Akiipoteza, hata akishusha bei, watu wataingia kwake shingo upande, na siku litakapofunguliwa duka jingine watamwacha. Basi, ndugu msomaji, tuulize: mali hii hupotea kwa njia gani? Na je, kuipoteza ni hasara ya biashara tu, au ni kosa juu ya haki pia?

Nataka tutafute jibu mahali ambapo wengi wetu hatujazoea kutazama, yaani katika michezo ya video. Wazee watasema kwamba hayo ni mambo ya watoto. Lakini vijana wetu wa Masisi na Walikale wanaijua. Huicheza katika simu, na wakishuka Goma huilipia katika vyumba vya michezo. Tena sisi wenyewe si wageni katika shughuli hiyo. Koltani ya Rubaya hutoa tantali, ambayo hutiwa katika vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na mashine za namna hiyo. Kasiterite ya Bisie, kule Walikale, hutoa bati la kuunganishia vipande vyake. Mwaka 2000 vyombo hivyo vilipotakwa kwa wingi ulimwenguni, bei ya koltani ilipanda upesi mara nyingi kuliko ilivyokuwa, na watu wakaacha mashamba na malisho wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka, wakabaki na mashimo. Kwa hiyo mambo yanayotendeka kati ya wauza michezo na wachezaji yanatuhusu.

Tuangalie mambo matatu yaliyotukia.

La kwanza ni la kampuni ya Marekani iitwayo EA. Novemba 2017 ilitoa mchezo wa Star Wars Battlefront II, kwa bei ya dola 60 hivi. Mnunuzi alipokwisha kulipa aliona kwamba mashujaa wenyewe, wale waliomvuta kununua, wamefungiwa ndani. Ili kumfungua mmoja ilimpasa acheze saa nyingi mno. Wachezaji walipiga hesabu wakaona kwamba shujaa mmoja ataka saa 40 hivi. Au basi, aongeze fedha anunue masanduku asiyojua yana nini ndani. Watu waliponung'unika, kampuni ilijibu kwamba taabu ile imewekwa makusudi, ili mchezaji aone fahari akifaulu. Jibu hilo liliwasha hasira kuliko kosa lenyewe, na kabla mchezo haujaanza kuuzwa kwa wote kampuni iliusimamisha ule uuzaji wa ndani. Mwezi Aprili 2018 tume ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya bahati ilisema kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari. Tangu Januari 2019 EA iliacha kuuza huko pointi za mchezo wake wa mpira, FIFA, ule ambao vijana wetu wanaujua sana. Lakini kwingine iliendelea. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2021, sehemu ya mchezo huo iitwayo Ultimate Team, na nyingine za jinsi hiyo, ziliipatia kampuni dola bilioni 1.62.

La pili ni la kampuni ya Poland, CD Projekt. Desemba 2020 ilitoa Cyberpunk 2077, mchezo uliongojewa miaka mingi. Katika mashine za zamani mchezo ulikwama na kuzimika ovyo. Waandishi waliopewa kuuonja kabla ya siku ya kuuza walikuwa wamepewa ule wa kompyuta tu. Ule mbovu hawakuuona. Siku chache baadaye Sony iliuondoa katika duka lake na kurudisha fedha za wanunuzi.

La tatu ni la kampuni ya Ufaransa, Ubisoft. Mwaka 2014 ilianza kuuza The Crew, mchezo wa kuendesha magari, ambao hauchezeki pasipo kuungana na mitambo ya kampuni, hata kama mtu anacheza peke yake. Mwisho wa Machi 2024 kampuni ilizima mitambo hiyo. Kitu kilichonunuliwa kwa fedha halali kikawa si kitu.

Sasa tufikiri. Watu hao walikasirika kwa sababu ya bei? Hapana, bei walikwisha kuikubali na kuilipa kwa furaha. Walikasirika kwa sababu katika mambo yote matatu mizani ilibaki mkononi mwa muuzaji peke yake. Yeye peke yake alijua ndani ya sanduku mna nini, na bidhaa ina kasoro gani, na itazimwa siku gani. Mnunuzi aliachiwa kazi moja tu, kulipa.

Jambo hili mchimbaji wa Rubaya analifahamu bila kufundishwa na mtu. Huleta mfuko wa mawe aliotoa shimoni kwa jasho. Mnunuzi hupima uzito, tena yeye ndiye apimaye ubora, tena yeye ndiye atajaye bei ya siku hiyo. Kama kuna kilo iliyopunguzwa, mchimbaji hataiona. Ataona tu kwamba fedha hazilingani na jasho. Hata mapatano yaliyoandikwa huvunjika kwa njia hiyo. Mwaka 2013 kampuni yenye hati ya mgodi wa Rubaya, SMB, na chama cha wachimbaji, COOPERAMMA, walipatana: wachimbaji wachimbe, na mawe yao wayauze kwa kampuni. Baadaye palikuwa na ugomvi juu ya malipo, na juu ya madini yaliyopitishwa njia nyingine kwa siri. Mimi si mwamuzi wa kusema nani alianza. Ninasema tu kwamba mahali ambapo imani imekwisha, kila mmoja humwona mwenzake mwizi, na karatasi haiwezi kuwapatanisha.

Mtu atasema: "Hakuna aliyelazimishwa. Mchezaji alisoma masharti, akakubali." Kwa kweli alikubali, lakini alikubali gizani. Masharti yale ni marefu, yameandikwa kwa lugha ya mawakili, na mwisho wake husema kwamba kampuni yaweza kuyageuza itakapopenda. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha tangu zamani kwamba mwenye kuuza kitu chenye kasoro iliyofichika, iletayo hasara, amepaswa kuitaja. Naye Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanya kazi, alionyesha kwamba mapatano ya watu wawili hayamalizi haki; iko haki ya asili iliyo kubwa kuliko mapatano. Hata sheria za dunia zimeanza kuona hivyo. Katika jimbo la California, sheria iliyoanza mwaka 2025 humkataza muuzaji wa michezo ya mtandaoni kutumia neno "nunua", kama hakumweleza mtu wazi kwamba anapewa ruhusa tu.

Mwingine atasema: "Kazi ya kutengeneza michezo ni ghali. Mamia ya watu hufanya kazi miaka mingi, na mitambo yataka fedha kila siku." Neno hili ni la haki, wala hatumdai mtu atoe mali yake bure. Lakini mwenye kukodisha chukudu hatendi kosa akiichukua jioni, maana walipatana hivyo. Aliyeuza chukudu, kisha akaja usiku kuchukua magurudumu, huyo ametenda kosa, hata kama ana watoto wengi wa kulisha. Gharama ni sababu ya kutaja bei kubwa mbele ya watu. Si sababu ya kurudia mfuko wa mnunuzi kwa siri.

Wa tatu atacheka: "Haya ni michezo tu!" Ndugu, hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mtoto anayezoea kununua sanduku asilojua lina nini, ili apate mchezaji mzuri wa mpira, amekwisha kufundishwa kamari kabla hajajua jina lake. Tena maneno yale yale, "hakuna aliyekulazimisha", ndiyo anayoambiwa mchimbaji. Lakini hawa wawili hawalingani. Mchezaji wa Ulaya akichoka, huzima mashine na kuweka fedha zake mfukoni. Baada ya The Crew kuzimwa, ombi la kuitaka Ulaya iwalinde wanunuzi lilipata sahihi zaidi ya milioni moja mwaka 2025. Mchimbaji akichoka, watoto hawali. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, hata Machi 2011. Sababu ilikuwepo, maana bunduki zilikuwa zikila madini ya Bisie. Lakini maelfu ya watu walizimiwa kazi yao, na sahihi zao hakuna aliyezitafuta.

Kwa hiyo tusidhani kwamba moyo wa watu hupotea siku wanapopiga kelele. Hupotea mapema, siku mkubwa anapoona kwamba aweza kupata faida bila wao kujua. Kelele ni habari tu. Na pale ambapo wanyonge hawana nguvu ya kupiga kelele, mkubwa huweza kukaa miaka mingi akidhani kwamba ukimya wao ni upendo. Ndiyo sababu haki haiwezi kungoja kelele.

Je, moyo uliopotea waweza kurudi? Waweza, lakini si kwa maneno matamu. CD Projekt iliomba radhi, ikakubali kurudisha fedha, kisha ikaendelea kuutengeneza mchezo ule kwa miaka bila kuwatoza watu matengenezo hayo. Hata mwaka 2023 wengi waliousema vibaya waliusifu. Hii ni toba ya mfanyabiashara: kutengeneza ulichoharibu, kwa gharama yako mwenyewe.

Nasi tuna mizani zetu. Wewe unayenunua maharagwe au jibini huko milimani Masisi, iweke mizani mahali ambapo mwenzako naye aona mshale. Wewe unayeuza simu kuukuu, itaje kasoro kabla ya kupokea fedha. Wewe kiongozi wa chama cha wachimbaji, wasomee wenzako hesabu kwa lugha wanayoielewa. Nawe kijana, kabla hujatoa franka zako, uliza: nanunua, au nakodi? Asiyetaka kukujibu, usimpe fedha yako.