Kwanza Tutazame Kilichomo Nyumbani

Somo: 2 Wafalme 4:1–7



Swali moja twalisikia mara nyingi siku hizi katika Bugwema yetu, kwa vijana na hata kwa wazee: simu niliyo nayo imechoka, je, ninunue mpya sasa, au ningoje? Huenda wengine watashangaa kwamba gazeti la kanisa lajishughulisha na jambo kama hilo. Lakini Bwana wetu hakuona haya kusema habari za sarafu iliyopotea, za kiraka juu ya vazi, na za mtu anayetaka kujenga mnara kabla ya kuhesabu gharama. Jambo linalogusa mfuko wa mtu, na usingizi wake, na amani iliyo kati yake na mkewe, hilo hugusa roho yake pia.

Tena simu si kitu cha mchezo. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwetu mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wa fedha. Imekuwa posta, maana barua ya mtoto aliye Mwanza au Dar es Salaam haiji tena ndani ya bahasha. Kwa mama anayechuuza dagaa, simu ndiyo mlango ambao mteja wa Musoma au Bunda huubisha kabla ya gari kuondoka. Basi anayeuliza kama abadilishe simu tusimcheke. Anauliza habari za riziki yake.

Hebu tumtazame mjane wa kitabu cha pili cha Wafalme. Mumewe alikuwa mmoja wa wanafunzi wa manabii, mtu mcha Mungu, naye alikufa akaacha deni. Mwenye kudai akaja, na alichokitaka si ng'ombe wala shamba. Aliwataka wana wawili wa yule mama wawe watumwa wake. Mama akamlilia Elisha. Nabii angeweza kumpeleka kwa tajiri mwingine akakope ili alipe deni la kwanza. Hakufanya hivyo. Alimwuliza ana nini nyumbani mwake. Mama akajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta.

Hapo ndipo twapaswa kusimama. Mama alianza kwa kusema hana kitu, kisha akakumbuka kwamba anacho. Na wengi wetu tu hivyo hivyo. Tukisimama mbele ya duka la simu pale mjini, na taa zake, na picha zake, twaona kwamba hatuna kitu kabisa. Simu tuliyo nayo mfukoni, ambayo asubuhi ile ile imetupigia watu na kutuletea fedha, yageuka kuwa takataka kwa sababu tu tumeona nyingine. Duka hutuuliza tunataka nini. Mungu hutuuliza kwanza tuna nini.

Basi, kabla ya kuuliza bei, na tujiulize maswali matatu.

La kwanza: Ni kitu gani hasa kilichoharibika? Mara nyingi simu haijafa, ni sehemu yake moja tu iliyochoka. Betri za simu zetu huchakaa zikishachajiwa mara mia kadhaa. Zaanza kuisha mchana, na mtu husema simu yote imekwisha. Kumbe fundi aweza kuweka betri nyingine kwa bei iliyo mbali kabisa na bei ya simu. Simu nyingine hukataa kuchaji kwa sababu tundu la chaja limejaa vumbi la barabara zetu. Nyingine huenda polepole kwa kuwa imejazwa picha na video za makundi, ambazo hakuna azitazamaye tena. Mtu akizifuta huiona simu inapata pumzi. Hii ndiyo ile chupa ya mafuta iliyosahauliwa pembeni mwa nyumba.

La pili: Je, kazi yangu imezuiliwa, au ni macho ya watu yanayonisumbua? Kutuma na kupokea fedha hakuhitaji simu kubwa. Simu ya kitochi yafanya kazi hiyo vizuri. Basi asiwepo Mkristo anayemdharau mwenziwe kwa ajili ya kitochi, wala kijana anayeificha simu yake kwa aibu anapotoka ibadani. Lakini iko pia sababu ya kweli. Tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye Android ya kabla ya toleo la 5.0. Mwenye simu hiyo hakukosa neno, wala hakuna fundi wa kumponya. Kama wateja wake wote walikuwa humo, mlango wake ulifungwa. Tena simu ambayo haipokei tena marekebisho ya usalama kutoka kwa mtengenezaji ni kama nyumba ambayo kitasa chake kimelegea. Anayeweka humo fedha na siri za kazi yake ana haki ya kufikiri juu ya mlango mpya.

La tatu: Nitalipa kwa fedha ipi? Hapa ndipo penye hatari, ndugu zetu, nasi twataka kusema bila kuficha.

Siku hizi simu hutolewa kwa mkopo. Mtu hutoa kianzio, huondoka na simu, kisha hulipa kidogo kidogo kila siku. Asipolipa, simu hujifunga mkononi mwake. Hatusemi kwamba mpango huo ni dhambi. Wako waliousaidia mkono wao wa kazi kwa njia hiyo, wakalipa hata mwisho. Lakini na tuhesabu. Tuchukue mfano, kwa ajili ya hesabu tu: simu ambayo kwa fedha taslimu ni shilingi 300,000. Kwa mkopo mtu anatoa kianzio cha 60,000, kisha 1,200 kila siku kwa siku 365. Hiyo 1,200 huonekana si kitu. Lakini kwa mwaka ni shilingi 438,000, na pamoja na kianzio ni 498,000. Mtu amelipa 198,000 zaidi ya bei, karibu theluthi mbili ya simu nyingine. Kila mmoja na afanye hesabu hiyo kwa namba atakazopewa yeye, tena kwa kalamu, kabla ya kutia sahihi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Na zaidi ya hesabu, kuna majira. Sisi ni wakulima na wavuvi. Fedha yetu haiji kila siku. Mwenye pamba hupata fedha msimu wa kuuza. Mwenye mihogo na mahindi hutazama mvua. Mvuvi hukaa pwani siku za upepo mkali na mbalamwezi, hana dagaa hata kisado. Lakini deni la kila siku halijui mvua wala mbalamwezi. Lamdai mtu siku ya jua na siku ya msiba. Ndipo baba huchukua fedha ya sabuni, kisha ya dawa, kisha ya madaftari. Ada za shule ziliondolewa kuanzia mwaka 2016, nasi twashukuru, lakini sare, viatu na madaftari vingali mikononi mwa wazazi kila Januari. Yule mwenye kudai wa zamani alikuja kuwachukua watoto kwa miguu yao. Deni la leo laweza kuwachukulia kalamu na viatu, nao wakiwa wamelala humo humo nyumbani. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Kwa hiyo neno letu ni hili. Ikiwa simu yako bado yafanya kazi inayokulisha, ngoja. Tengeneza, safisha, ukaweke akiba kidogo kidogo. Ile 1,200 ambayo ungelipa kila siku iweke kwako mwenyewe, na katika siku 250 una shilingi 300,000 za kununulia bila kudaiwa na mtu. Kungoja kuna faida nyingine pia: toleo jipya likitoka, lile la mwaka uliopita mara nyingi hushuka bei, nalo halijapungukiwa na kitu.

Lakini ikiwa simu imekufa kweli na kazi imesimama, na fedha ipo, nunua, wala usisumbuke moyoni. Kungoja nako kwaweza kuwa ubahili uliovaa kanzu ya utauwa. Yuko mume anayebadilisha simu yake kila mara, na mkewe, ambaye biashara yake ndiyo inayoleta unga, anaambiwa avumilie na simu iliyopasuka kioo hata hasomi namba. Huo si uvumilivu wa Kikristo. Ni dhuluma ndani ya nyumba. Katika nyumba yenye fedha ya simu moja, anayestahili kwanza ni yule ambaye kazi yake yaitegemea zaidi. Jambo hili na liamuliwe na mume na mke wakiwa wameketi pamoja, hesabu ikiwa wazi mbele yao.

Naye anayenunua, asinunue kwa pupa. Twakumbuka mwezi wa Juni mwaka 2016, serikali ilipozima simu bandia nchini kote. Watu walilala wakiwa na simu, wakaamka wakiwa na kipande cha plastiki. Waliokuwa wamebonyeza *#06# wakaihakiki namba ya simu yao mapema, hao walijua mambo yao. Basi dai risiti. Ukinunua iliyotumika, mjue anayekuuzia, maana simu ya wizi ni machozi ya mtu mwingine. Na uulize jambo ambalo wengi hawaulizi: simu hii itapewa marekebisho ya usalama kwa miaka mingapi? Tofauti ni kubwa. Simu za Samsung Galaxy S24 zilipotoka mwaka 2024 ziliahidiwa miaka 7, lakini nyingi za bei nafuu hupewa miaka michache tu. Inayodumu kidogo si rahisi, hata kama bei yake ni ndogo.

Liko neno jingine linalotuhusu kama Wakristo. Ndani ya betri za simu nyingi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, waliko ndugu zetu katika imani. Katika baadhi ya machimbo ya huko watu huchimba kwa mikono, na watoto wameonekana miongoni mwao. Na simu zikitupwa huenda wapi? Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na elektroniki, na vilivyokusanywa na kutengenezwa upya kwa utaratibu havikufika robo. Hatusemi tusimiliki simu. Twasema kwamba kuitunza simu mwaka mmoja zaidi ni njia moja ya kumpenda jirani ambaye hatujamwona uso.

Wazee wetu wanakumbuka jinsi Mwalimu Nyerere, jirani yetu wa Butiama, alivyofundisha katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwamba taifa lisianze kwa kutegemea fedha za wengine, ila kwa watu wake na ardhi yake. Lile aliloliambia taifa, nyumba zetu nazo zaweza kulisikia.

Sasa turudi kwa mjane. Elisha hakumwacha peke yake na chupa yake. Alimwambia aazime vyombo kwa majirani, vitupu, wala visiwe vichache. Angalieni: hakuazima fedha, aliazima vyombo, na majirani walimpa. Mafuta yalimiminika mpaka vyombo vikaisha. Akauza, akalipa deni, na yeye na wanawe wakaishi kwa kilichobaki. Muujiza ulitoka kwa Mungu, lakini ulipitia milango ya majirani.

Je, sisi tu majirani wa namna hiyo? Ikiwa mama mmoja kati yetu simu yake imekufa katikati ya msimu, je, hakuna nyumba yenye simu ya zamani inayolala kabatini? Je, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa haviwezi kumpa zamu ya kwanza, kwa masharti asiyoyaogopa? Na kijana wetu ambaye simu yake imefungwa kwa deni, na kwa aibu ameacha hata kuja ibadani, nani amekwenda kwake kumwuliza habari? Msimhukumu. Mketi naye, mhesabu naye, mtafute njia pamoja. Mwenye deni akiachwa peke yake hukopa tena.

Wapendwa, hakuna hukumu moja ya wote. Mmoja atanunua wiki hii naye atakuwa ametenda vema. Mwingine atangoja hata mavuno, naye atakuwa ametenda vema. Lakini wote waanzie mahali pamoja: nyumbani, mlango ukiwa umefungwa kama alivyoufunga yule mama na wanawe, wakiuliza kwa kweli mbele za Mungu ni nini walicho nacho.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeiona chupa moja ya mafuta katika nyumba ya mjane, utupe macho ya kukiona ulichokwisha kutupa. Utuepushe na tamaa inayovaa sura ya haja, na ubahili unaovaa sura ya subira. Uwakumbuke walio na madeni, uwape njia, na utufanye sisi kuwa majirani wenye vyombo vya kuazimisha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.